Kiingereza cha Macho

Mimi ni msomaji asiyetulia. Nasoma nimesimama jikoni, nasoma nikisubiri maji yachemke, nasoma nikitembea sebuleni mpaka mke wangu aniambie nitatoboa sakafu. Huwa nina vitabu vitatu kwa wakati mmoja na navilaza kifudifudi popote nilipovichokea: juu ya friji, kwenye mkono wa kochi, dirishani. Mke wangu anasema nyumba yetu imejaa watu waliozimia. Kitabu cha upelelezi nakianzia mwisho, nimjue muuaji, halafu narudi mwanzo kuona kama nitakivumilia. Mara nyingi sikivumilii.

Karibu vitabu hivyo vyote ni vya Kiingereza. Nalisema hili kwa aibu kidogo, maana mkate wangu unatoka kwenye Kiswahili: nahariri vitabu vya watu kwa Kiswahili na naandika makala kwa Kiswahili. Lakini chuo kikuu kilinizoesha kusoma kwa Kiingereza, na mazoea hayo yalibaki hata baada ya cheti kupauka ukutani. Kilichokosekana ni mdomo. Chuoni nilikaa mstari wa nyuma, mitihani iliandikwa, na hakuna aliyenilazimisha kufungua kinywa. Kazini barua ziko kwa Kiingereza na maongezi kwa Kiswahili. Mtu anaweza kustaafu hivyo bila kugundulika. Nilikuwa naweza kusoma kurasa arobaini kuhusu mirathi ya bwana mmoja mwenye mashamba na mbwa, lakini mgeni akiniuliza njia ya kwenda stendi namwonyesha kwa kidole.

Wala hilo halikunizuia kuwa mkali kwa wengine. Binti yetu alipokuwa sekondari alituandikia barua kwa Kiingereza, ajionyeshe, nami nikazirudisha na wino mwekundu. Akakua akiamini baba yake ni bingwa. Sikumrekebisha. Nilikuwa nimerekebisha kila kitu kingine.

Sasa ana mwaka wa tatu anafanya kazi Lusaka. Mwaka jana, mwezi wa tano, alipiga simu jioni akaongea na mama yake kwa muda mrefu, kisha akaniomba mimi. Akaniambia kuna mtu, na baba wa huyo mtu anataka kuja Dodoma pamoja na mdogo wake kuleta posa. Nikasema vizuri, karibu sana. Kisha akaeleza kilichokuwa kinamsumbua. Yule mzee alikuwa na mwana mwingine, mkubwa, aliyeoa msichana wa nchi nyingine. Ndoa ilipoingia matatizo, mzee hakuwa na mtu wa kumpigia upande wa pili. Alipiga, wakapokea, wakasalimiana, wakaishia hapo. Hawakuwa na lugha moja. Ndoa ilivunjika huku wazazi wa pande zote mbili wakisikilizana wakipumua.

"Kwa hiyo anataka akusikie wewe," binti akasema. "Amesema hatakubali mtoto wake aoe nyumba ambayo yeye hawezi kuongea nayo. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, baba yangu anaongea Kiingereza kuliko wewe."

"Umemwambia kuliko yeye?"

"Kwa heshima, baba. Nilimwambia kwa heshima."

Wangekuja baada ya wiki sita.

Usiku huo sikusoma chochote. Asubuhi nikaanza kusoma kwa sauti, maana ndiyo dawa pekee niliyoweza kuifikiria: kama tatizo ni mdomo, mdomo uende shule. Nilianza na gazeti. Baada ya siku tatu nilikuwa nasikika kama taarifa ya habari, na mke wangu alipouliza kama nitakula wali au ugali nilikaribia kumjibu kwa muhtasari. Nikahamia kitabu cha ufugaji wa kuku, nikijidanganya kwamba wazee wawili lazima wataongea kuhusu mifugo. Nilikariri magonjwa yote. Kisha riwaya za upelelezi, nilizokuwa nazipenda kimyakimya, lakini zilipopita mdomoni niligundua kwamba watu wake wote wanasema kwa kuzunguka, na kila mmoja anaficha kitu. Nikafikiri, mkwe akinisikia naongea hivi ataondoka na binti yangu au ataita polisi.

Mwenzangu mmoja kazini akanishauri nisome tamthilia. Alisema riwaya inasimulia, tamthilia inaongea. Ilikuwa na mantiki. Kwenye boksi nikapata tamthilia moja ya tangu chuoni, haina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Ilikuwa na baba mmoja na mkwe wake wanagombania nyumba. Nikaona kama imeandikwa kwa ajili yangu.

Tunaishi Mkonze, kwenye nyumba inayojengwa kwa awamu, na awamu ya chumba cha nyuma bado haijafika. Hakina plasta, hakina dari, na madirisha ni matundu yenye nondo. Sauti humo inakuwa kubwa kuliko mwenyewe, jambo ambalo lilinitia moyo. Kila siku saa kumi na moja alfajiri nilijifunika shuka juu ya sweta, upepo wa mwezi wa sita ukipita kwenye zile nondo na vumbi lake, nikatembea ukuta hadi ukuta nikisoma. Baba nilimpa sauti nzito. Mkwe nilimpa nyembamba, ya malalamiko. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimewazoea kiasi cha kuwagombanisha kwa nguvu. Nilihisi kitu kimefunguka. Nilikuwa naongea Kiingereza kwa kasi, kwa hasira hata, bila kukwama.

Jumapili moja mchana mjumbe wetu wa nyumba kumi akabisha hodi. Ni mama wa makamo ya kuelekea sabini, mwembamba, na alikuja na lile daftari lake kubwa kwapani, nikajua hakuja kunywa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo humu? Wageni hawajambo?"

Nikasema hatuna wageni. Akamwangalia mke wangu. Mke wangu akaangalia dirisha.

Mama mjumbe akakaa, akafungua daftari juu ya magoti, akatafuta kalamu kwenye mfuko wa mtandio. Akaeleza taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake mashtaka anayojua yatamuuma. Mgeni akilala usiku mmoja si neno. Akilala wiki, mwenye nyumba hufika kwa mjumbe, anamwandikisha. Mgeni wa nje ya nchi ndiyo zaidi. Na majirani wa pande zote mbili walikuwa wamekuja kwake, kila mmoja kwa wakati wake, kumwambia kwamba mwalimu (mtaani wananiita mwalimu, sijawahi kufundisha) anaishi na Wazungu wawili kwenye chumba kisicho na dari.

"Mmoja ana hasira sana," akasema. "Mwingine analialia. Nimepita mwenyewe juzi alfajiri, nimewasikia. Sasa baba, mimi sikatai wageni. Lakini mnawalaza pale, kwenye baridi ile, hata plasta hakuna?"

Mke wangu alitoka kwenda jikoni. Nilimsikia akicheka huko, uso ameuficha kwenye kitu, nadhani kanga.

Nikaeleza. Mama mjumbe hakuamini. Ilibidi nichukue tamthilia, nikasimama katikati ya sebule yangu mwenyewe, mtu mzima mwenye shahada, nikamsomea ukurasa mzima kwa sauti zote mbili. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza alifunga daftari.

"Kumbe ni wewe," akasema, na sikuweza kujua kama amefurahi au amesikitika. Kisha akaniuliza jambo, na ilinichukua muda kutambua kwamba ameuliza kwa Kiingereza. Aliniuliza asubuhi ile nimekula nini.

Nilisimama na kitabu mkononi. Nilijua kila neno alilosema. Nilikuwa nimekunywa uji wa ulezi na kula kiporo cha magimbi, na nilianza kutafuta sentensi ya heshima ya kuvibebea. Nikaona kwanza nitafute neno la ulezi. Sikulipata. Nikaona niseme uji tu, lakini ungekuwa uji wa nani, wa watu wa kwenye riwaya? Nikaanza upya. Mama mjumbe alikuwa ananitazama bila haraka. Nikasema, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba nina sababu za kuamini ya kuwa nimekwisha kula.

Akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akanieleza, kwa Kiswahili, akinihurumia. Ujanani alifanya kazi za ndani mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma, kwa familia ya daktari mmoja wa nje, miaka kumi na moja. Watoto wa yule daktari aliwalea yeye. Hakuwahi kusoma ukurasa mmoja wa Kiingereza na hata sasa hawezi. Lakini amegombana kwa Kiingereza, amebembeleza kwa Kiingereza, amekataa kulaumiwa kwa sufuria iliyoungua ambayo hakuiunguza yeye.

"Wewe baba hapo unajua mwenzio atasema nini," akaniambia. "Imeandikwa. Huyo mgeni wako hajaandikwa."

Nilikuwa nimebakiza wiki tatu na siku chache. Nilimwambia ukweli wote, pamoja na habari ya yule mwana mkubwa na ndoa iliyovunjika kwa kukosa lugha. Aliacha kucheka. Akasema nije kwake Jumanne.

Nikawa nakwenda, jioni baada ya kazi, siku tatu kwa wiki. Nilikwenda na riwaya, maana mimi bila kitabu sijui pa kuweka mikono. Kanuni aliitunga yeye: nisome ukurasa, nifunge kitabu, nimweleze kilichotokea, kwa Kiingereza, huku yeye akichambua dengu kwenye ungo. Nilidhani itakuwa rahisi. Lakini alikuwa ananikatiza. Nikisema tajiri amekutwa amekufa maktabani, aliuliza wanawe walikuwa wapi. Nikisema wako mjini, aliuliza kwa nini wamemwacha mzee peke yake na watumishi. Hilo halikuwemo kwenye kitabu, ikabidi nilijibu mwenyewe. Nikisema mpishi anashukiwa, aliweka ungo chini. Mpishi hakufanya, akasema, mpishi huwa wa kwanza kushukiwa kila nyumba, na mimi nikajikuta namtetea mpelelezi kwa sentensi zilizovunjika miguu, jasho likinitoka.

Sikuwahi kusoma hivyo. Sikuwahi kusoma nikijua kwamba mtu ataniuliza. Nilianza kusoma polepole, nikisimama kwenye mambo niliyokuwa nayaruka: nani alikuwa na ufunguo, nani alimpikia nani, kwa nini yule mama alikaa kimya mezani. Nilitaka kuanzia mwisho kama kawaida yangu, akanikataza. Alisema akigundua najua muuaji atanifukuza, kwa sababu nitakuwa namdanganya kwa uso. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisoma kitabu kwa mpangilio wake, na usingizi ukanikimbia kwa sababu nyingine kabisa.

Bado nilikuwa mbovu. Nisidanganye mtu. Nilikuwa nakwama, nageuza maneno, napotelea katikati ya sentensi kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Tofauti ni kwamba nilikuwa nakwama mbele ya mtu, naye alikuwa anasubiri.

Wageni walifika siku ya Ijumaa, wamechoka, kwa basi la kupitia Mbeya na Iringa, binti yetu akiwa nao. Kijana mwenyewe alibaki. Kwao wazee hutangulia. Mzee alikuwa mrefu, mstaafu wa reli, mwenye koti zito na maneno machache. Nilimpokea begi, nikamsalimia kwa Kiingereza salamu zote nilizokuwa nazo, akaitikia, na nikaona ananisikiliza kama fundi anavyosikiliza injini. Kabla sijaendelea, shemeji yangu alikuwa ametokea mlangoni.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Alitoka Mlali tangu jana yake na mbuzi, na kwa Wagogo mjomba wa binti si mtu wa kuwekwa pembeni. Aliniambia mpango akiwa amenishika kiwiko. Maongezi ataongoza yeye. Upande wa pili ataongea yule mdogo wa mzee. Binti haruhusiwi kukaa kwenye maongezi yake mwenyewe, atakuwa na mama yake. Na mimi, baba, nitakaa kwenye kochi na nitanyamaza, kwa sababu baba wa binti akianza kuongea siku ya posa anaonekana ana haraka ya kumtoa.

Nikamwambia yule mzee amekuja kutoka Zambia ili anisikie mimi.

"Atakusikia siku nyingine," shemeji akasema. "Leo atakuona."

"Nani atatafsiri?"

Alikuwa ameshapanga. Mama mjumbe aliingia amevaa kitenge kipya, akapita mbele yangu bila kunitazama, akakaa katikati.

Maongezi yalichukua saa tatu. Alitafsiri vizuri mno. Shemeji alipanda na kushuka kwa mafumbo yake, yule mdogo wa mzee akajibu kwa ya kwao, na yeye akayavusha yote bila kutikisika, na mara mbili watu wa pande zote walicheka kwa wakati mmoja, jambo ambalo kila mhariri anajua ugumu wake. Mimi nilikaa. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unacheza wenyewe mpaka nikaukandamiza kwa mkono. Kila sentensi iliyopita niliitafsiri kichwani, nikaipata, nikaikosa. Na kila nilipoinua macho, mzee alikuwa ananiangalia mimi, si wasemaji. Nilijua anachofikiri. Nyumba hii imeleta mkalimani. Nyumba hii, siku mambo yakiharibika, itapokea simu na kupumua.

Posa ilipokewa, tukala, watu wakalegea. Mzee akainuka akatoka uani na simu yake, na mimi nikainuka. Shemeji alinitupia jicho. Sikumjali.

Nilimkuta kando ya simtanki, anatazama mizabibu ya jirani. Nilikuwa na sentensi yangu ya kufungulia, niliyoinoa wiki nzima, kuhusu hali ya hewa ya uwanda huu na zao la zabibu. Hakunipa nafasi.

"Binti yako akikasirika," akaniuliza kwa Kiingereza, "anafanya nini?"

Hakukuwa na ukurasa wowote wa swali hilo. Nilisimama. Nikasikia jinsi ninavyochelewa, nikaona ameanza kuangalia pembeni, kwa adabu, kama mtu aliyepata jibu.

Nikamwambia anaosha vyombo. Nilisema vibaya, neno la kwanza lilitoka baada ya la pili. Nikamwambia anaosha vyombo ambavyo ni visafi. Anavitoa kabatini, anaviosha vyote, na wakati huo mtu asimguse wala asimuulize. Akifika kwenye vijiko anaanza kuongea mwenyewe. Mama yake anajua. Mimi ilinichukua miaka kumi na tano, kwa sababu nilikuwa namfuata na kumweleza kwamba hana sababu ya kukasirika, nikiwa na hoja tatu. Usimweleze hoja, nikasema. Mwambie kijana wako. Asubiri vijiko.

Mzee alikuwa amenigeukia mwili mzima.

Mwanawe, akasema, yeye hutoka. Anavaa viatu na anatembea, hata saa mbili, na hasemi anakwenda wapi. Mkewe akidhani ameachwa, itakuwa makosa. Anarudi. Lakini mtu lazima amwambie msichana kabla, si siku yenyewe.

Binti yetu alitokea mlango wa jikoni, ameona tumekaa muda. Akauliza kwa Kiswahili kama nahitaji msaada. Mzee, ambaye hakuelewa neno, alimwonyesha kwa mkono arudi ndani, na yeye akarudi, akigeuka mara mbili.

"Nikikupigia," mzee akasema, "utapokea?"

Nikasema nitapokea.

"Hata kama nakupigia kusema kwamba kosa ni la binti yako?"

Hapo nilikaa kimya, na safari hii haikuwa kwa kukosa maneno. Nilikuwa nayo mengi, mazuri, ya kumpendeza mtu. Nilimfikiria yule msichana ndani, na wino mwekundu wote niliomwagia maishani mwake kwa makosa yasiyo na maana.

"Nitapokea," nikamwambia. "Sitakubali siku hiyohiyo. Nitabisha. Lakini sitakata simu."

Hakutabasamu, hakunipa mkono. Alitoa simu yake, akaweka laini waliyomnunulia Tunduma, akaniambia nimtajie namba, tarakimu moja moja, naye akawa anaibonyeza kwa kidole kikubwa cha shahada. Alipomaliza akapiga palepale, nadhani ili ahakikishe. Simu yangu ikalia ndani, juu ya meza, katikati ya sahani. Tulisimama pale uani tukiisikia. Kisha ikanyamaza, na mzee akasogeza yake sikioni, akasikiliza akikunja uso, kwa sababu shemeji alikuwa ameipokea na anauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya Mlali inayosikika bila simu, wewe ni nani na unamtaka nani.

Mzee akanipa simu.

"Mjibu," akasema.

Nikamwambia shemeji ni mkwe, yuko uani na mimi, na atuachie kwanza, hatujamaliza kuongea.